Kisu cha Umuvumu

Mwaka ule tulikula mbaazi za njano. Atakayeniuliza ulikuwa mwaka wa ngapi namjibu hivyo hivyo, na kila aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi Tanzania kwa yale malori atanielewa: mbaazi za msaada, zilizopasuliwa katikati, ngumu kama changarawe, unazibandika asubuhi na jua likifika utosini bado zinagonga sufuria. Tulipewa pia unga wa mahindi na mafuta ya kopo, chakula cha kutusogeza mpaka mavuno. Wale ambao hawakukimbia walikuwa wanakula viazi vitamu na maharagwe ya shamba lao, maana mihogo ilikuwa imeugua, majani yamejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Kwa hiyo katika ua mmoja wa Giteranyi kulikuwa na moshi wa namna mbili. Jiko langu lilinuka mbaazi. Jiko la Perpetua lilinuka maharagwe na mchicha wa lengalenga vilivyoungwa kwa mawese. Na mabukwe, yaani mama mkwe wangu, alipokaa katikati ya majiko mawili, pua yake ilielekea kule. Wivu ulinishika kabla sijafungua mizigo.

Perpetua amekufa mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza. Eliasi, mwanawe, alinipigia simu hapa kwangu Musinzira, mjini Gitega, nikiwa nachambua mchele. Alisema, "Mama mkubwa, mama ametuacha." Sikulia. Nitasema ukweli, maana umri wangu hauruhusu tena kujipaka poda: kitu cha kwanza nilichojiuliza ni watu wangapi wangekuja kumzika. Nikahesabu kichwani watakaokuja kunizika mimi. Nikaona ananishinda. Mchele ukanimwagikia miguuni, na mjukuu wangu Anjelika akadhani ni uchungu wa msiba, akanishika bega. Nikamwacha anishike.

Huyo Perpetua alikuwa mke wa shemeji yangu. Mimi niliolewa na mwana mkubwa, yeye na mwana mdogo. Mimi nilikulia Tanzania, nikaolewa kambini, nikazaa huko. Yeye alibaki kilimani na mama mkwe miaka yote ile ambayo sisi tulikuwa tunapanga foleni ya maji. Kwa hiyo siku tuliporudi mimi nilikuwa mkubwa kwa cheo na mgeni kwa miguu. Lori lilitushusha barabarani, tukatembea na baiskeli ya kukodi iliyobeba godoro, sufuria na Domina, binti yangu wa miaka minne, amefungwa juu ya godoro kama mkungu wa ndizi. Mume wangu alikuwa anatafuta kwao kwa macho na hapaoni. Nyumba aliyoiacha haikuwepo. Mpaka wa shamba ulikuwa umehama. Kisha akauona umuvumu, ule mti ambao Tanzania tuliuita mkuyu, mnene, umesimama mlangoni pa ua kama mtu anayengoja wageni. Aliilaza baiskeli chini, mtoto na godoro lake, akaenda kuukumbatia mti. Mabukwe akatokea nyuma yake, mdogo, mkavu, akasema jina la mume wangu mara moja tu, kisha akaketi chini. Wote walikuwa wanalia. Mimi nilikuwa namtazama mwanamke aliyesimama nyuma ya mabukwe, mrefu, miguu inang'aa mafuta, kisu kidogo cheusi kimechomekwa kiunoni kwenye mkunjo wa kanga, na vidole vyake vimejaa utomvu mweupe kama aliyekuwa anakamua ng'ombe. Alinitazama na mimi kuanzia viatu. "Karibu, mke wa mkubwa," akasema. "Mi ndo Perpetua. Iko maji ya kunawa pale."

Iko maji ya kunawa pale! Kwangu, mlangoni kwangu, ananionyesha maji.

Kile kisu kilikuwa na desturi yake, na desturi hiyo niliijua kabla ya kufika, kwa sababu mume wangu aliniambia tukiwa bado kambini, kama mtu anayemwahidi mke pete. Katika ukoo wao dawa za umuvumu hazifundishwi binti. Binti ataolewa, atakwenda na siri kwenye mti wa watu wengine. Anafundishwa mke wa mwana, na wa kwanza ni mke wa mwana mkubwa. Ndiye anayepewa kisu, na asiye na kisu haugusi ule mti hata kwa ukucha. Anayefundishwa anakaa na mama mkwe kwenye chungu kimoja cha pombe ya mtama, mirija miwili, na maneno yanasemwa kati ya funda moja na jingine. Asiye na mrija hasikilizi. Mimi nilirudi na mrija wangu kichwani. Nilikuwa nimeshaota nimekaa pale, mabukwe ananinong'oneza, watu wa kilima wananiita mama wa mti. Nikakuta kiti kina mtu, na mtu huyo amekikalia miaka.

Na watu walikuja kweli. Asubuhi, kabla hata sijawasha moto, utasikia mlangoni, "Hodi, Perpetua yupo?" Mwanamke wa ng'ambo ya bonde, tumbo la kuhara siku tatu: Perpetua anakata kipande cha gome upande linapochomoza jua, anachemsha mpaka maji yawe mekundu, anampa kikombe. Mzee wa kikohozi: gome hilo hilo, na tangawizi. Kijana mwenye chunjua kidoleni: tone la utomvu kila jioni mpaka chunjua inanyauka na kudondoka. Mama aliyejifungua na maziwa hayatoki: majani machanga yanapondwa, yanachujwa kwenye uji wa ulezi. Na kila alipokata, Perpetua alilifunga jeraha la mti kwa samadi na jani la mgomba, akalikaza kwa kamba, akaupiga ule mti kofi dogo kama unavyompiga mtoto aliyevumilia sindano. Hilo kofi ndilo lililoniudhi kuliko yote. Nilimwambia mume wangu, "Huyu anaubembeleza mti kuliko mumewe." Akacheka. Nikamwambia, "Cheka tu. Ni kisu changu kile." Akasema, "Jenerosa, mama ndiye anayejua." Na mama alijua nini? Alimwita yule "mwana wanje," mwanangu. Mimi aliniita "mke wa fulani." Nyama ikipikwa, na ilipikwa mara mbili tu mwaka ule, yule alipewa ya mfupa. Mimi nilipewa ya mchuzi, kama mgeni ambaye kesho ataondoka.

Kuna duka mjini Gitega la familia ya Waislamu ambao babu zao walitoka India, nanunua kwao sabuni na chumvi, na mwezi wa Ramadhani wanauza tini zilizokaushwa. Mwaka jana Anjelika alininunulia pakiti. Anasoma chuo, mambo ya mimea, na huyo ndiye fahari yangu, nimsemeje mwingine. Alipasua tini moja akanionyesha mbegu. "Bibi, hii ni ndugu wa umuvumu wenu. Ukoo mmoja. Ndiyo maana yote inatoa maziwa." Akafungua daftari lake mezani, kati ya sahani za maharagwe, akanisomea, na mimi niliyefika darasa la tatu nikamsikiliza kama padri. Kwenye gome kuna kitu kinaitwa tanini, ndicho kinachofanya maji yawe mekundu na ulimi ukauke, na ndicho kinachokaza tumbo lililolegea. Kwenye maziwa ya mti kuna kitu kinachokula nyama, kinailainisha kidogo kidogo, ndiyo maana chunjua zinakatika. "Na hiki sasa," akasema, "ndicho cha hatari." Akataja jina refu kama msafara wa malori, furanokumarini, nikamfanya alirudie mara tatu. Kinakaa kwenye majani na kwenye maziwa ya mtini, na kwa baadhi ya ndugu zake, akasema. Chenyewe kimelala. Kikikaa kwenye ngozi gizani hakifanyi kitu kikubwa. Lakini jua likikipiga kinaamka, na ngozi inaungua kama imemwagiwa maji ya moto. Wala huoni siku hiyo. Unaona kesho yake, au keshokutwa. "Kwa hiyo waliokuwa wanapaka jioni walikuwa na akili sana, bibi. Wewe ulifundishwa hivyo?" Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Mimi sikufundishwa. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nikipepeta unga, na chungu cha mtama kilikuwa upande wa pili, na mirija miwili. Nilikuwa na mimba ya miezi minne na njaa ya kila kitu. Nilisikia mabukwe akifyonza, akimeza, akisema kwa Kirundi chake cha polepole, "Choa cha usoni, usichanje. Chukua tone tu, upake kwa unyoya wa kuku, kuanzia pembeni kuja katikati." Perpetua akauliza, "Siku ngapi?" Mabukwe akasema, "Tatu. Lakini sikiliza..." Na hapo Domina akaja mbio amemkimbiza jogoo, jogoo akaruka juu ya ungo wangu, unga ukamwagika, na unga wa msaada mwaka ule hakuna aliyeuacha chini. Niliinama kuokota. Nilipoinuka walikuwa wanacheka juu ya jambo lingine. Nikajiambia, basi nimeshapata. Unyoya, pembeni kuja katikati, siku tatu. Kumbe ndiyo hiyo ilikuwa siri yao? Hata mimi naweza.

Na Domina alikuwa na choa. Kwenye shavu la kulia, duara kama kifuniko cha chupa ya soda, kimeanza tangu kambini. Mabukwe alikuwa amekiona, amesema, "Perpetua atampaka leo jua likizama." Perpetua atampaka! Mtoto niliyembeba mimi, niliyemvusha mpaka mimi, apakwe na yule, na kikipona watu waseme tena mkono wa Perpetua ni mwepesi. Asubuhi ile ile, Perpetua amekwenda kuchota maji, mabukwe bado amelala, nilikwenda kwenye mti. Sikuwa na kisu. Nilivunja jani moja tu kwenye kikonyo, na maziwa yakatoka upesi, meupe, kama yaliyokuwa yananingoja. Nikachovya unyoya. Domina alikuwa mkekani bado na usingizi. Nikampaka, pembeni kuja katikati, vizuri, kwa upole, na nakumbuka nilifurahi. Kisha nikamfunga mgongoni, kichwa chake kikalala upande wa kushoto, shavu la kulia likatazama juu, nikaenda shamba. Tulipalilia maharagwe mpaka saa nane. Jua la mkoa wetu wa Muyinga mwezi ule linajulikana. Mtoto alilala muda mwingi, mgongo wangu umelowa jasho lake, na mimi nikipiga jembe nikiimba.

Jioni jua lilipozama Perpetua akaja na unyoya wake. Nilitaka kusema tayari nimempaka. Ulimi ulifika kwenye meno. Lakini kusema hivyo ni kusema niliiba, na mabukwe amekaa pale pale anatazama. Nikamwacha apake. Alimweka mtoto mapajani, akamwimbia, akapaka mstari mwembamba kama uzi, akampuliza. Domina akamchekea. Sasa hata kicheko cha mwanangu kilikuwa kwake.

Siku ya pili yake, alfajiri, Domina aliamka analia. Shavu lilikuwa jekundu, limevimba, na saa nne malengelenge yakawa yamejaa maji kama zabibu, kutoka chini ya jicho mpaka kwenye taya, mahali pote ambapo unyoya wangu ulipita na mahali ambapo jasho liliyapeleka maziwa. Nilimchukua mbio hadi zahanati, wakampa mafuta ya kupaka, wakauliza amemwagikiwa na nini. Niliporudi ua ulikuwa umejaa wanawake. Waliokuja kwa gome, kwa kikohozi, kwa maziwa, wote wamesimama chini ya mti wanamtazama Perpetua, naye amekaa kwenye kinu, mikono imefunguka mapajani kama mtu anayeomba kitu.

"Nilipaka kidogo," alikuwa anasema. "Kidogo tu, mama. Kama uzi."

"Nilikuona," mabukwe akamjibu. "Na jua lilikuwa limezama. Maziwa ya mti huu hayaunguzi mtu bila jua. Mama mkwe wangu alinifundisha hivyo, na mama mkwe wake alimfundisha hivyo. Mpaka apone, mgonjwa haoni jua." Akaninyanyulia macho. Yalikuwa na ukungu, macho ya kizee, lakini yalinikuta. "Mke wa mkubwa. Kuna mtu mwingine alimpaka mtoto huyu? Mchana?"

Ndipo nilipojua. Nusu ile iliyomezwa na jogoo na unga, nusu ile ndiyo hii. Na wanawake wote wa kilima wananitazama, wale ambao tangu nifike walikuwa wananiita Mtanzania, wanacheka Kirundi changu na mbaazi zangu. Nikasema, "Nani mwingine? Kisu si kina mwenyewe?"

Mmoja akasema, "Kweli." Mwingine akasema, "Jamani, uso wa mtoto wa kike!" Mwingine akaondoka na kikombe chake. Na mimi nikaongeza, kwa sababu mwongo hatosheki na uongo mmoja, "Mimi si mama wa mti. Mimi niliambiwa nimlete jioni, nikamleta." Perpetua alinitazama. Nilijiandaa kupigwa, nilijiandaa kutukanwa, ningejua la kujibu. Yeye akaanza kujikagua vidole, kimoja kimoja, kama vile kimojawapo ndicho kilichokosea na atakikata.

Mabukwe alinyoosha mkono. Perpetua akachomoa kisu kiunoni akampa. Mabukwe akakichomeka juu kwenye nyasi za paa la nyumba yake, akasema, "Mkono huu upumzike." Hakusema mkono wa nani. Nilingoja aniite kwenye chungu. Nilingoja wiki, nilingoja mwezi. Mbaazi ziliisha, tukaanza kula maharagwe yetu wenyewe ya kwanza, mabichi, na mimi bado nangoja. Nyasi za paa zilikuwa zinakishika kile kisu na mimi nalala katika nyumba ya pili nikikiona kwa macho ya moyo. Watu walipunguka mlangoni. Waliokuja, mabukwe alivunja mwenyewe majani yaliyo chini, kwa mikono inayotetemeka, na magome hakuna. Nilikuwa nimempokonya Perpetua kila kitu na mimi sikupata hata utepe wa kamba.

Nilijifungua kabla ya mvua ndogo. Mvulana. Na maziwa yakakataa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mtoto ananyonya upepo, analia mpaka sauti inakwisha anabaki kufungua mdomo tu. Mume wangu alipanda baiskeli kutafuta maziwa ya ng'ombe, akarudi na nusu kikombe. Jioni ya tatu mlango ukasukumwa, Perpetua akaingia na bakuli la uji wa ulezi, wa kijani kidogo, wa moto. Majani alikuwa ameyachuma mabukwe. Kuponda, kuchuja, kupika ni yeye. Akakaa chini, akaonja kijiko cha kwanza mbele yangu, kama desturi inavyotaka ili mtu ajue hakuna sumu, akaniwekea bakuli mkononi.

"Kunywa."

"Weka pale, nitakunywa."

"Kunywa sasa, mtoto iko analia. We unajua kununa sana, Mtanzania. Nuna ukishashiba."

Nikanywa. Ulikuwa mtamu, na hilo nalo liliniuma. Kwa siku sita alikuja kila jioni, na siku ya sita kifua kikajaa mpaka kikauma, mtoto akashiba akalala na tone mdomoni. Iwe ni majani, iwe ni ulezi, iwe ni kwamba kuna mtu aliyekaa na mimi akanitazama nikila, sijui; Anjelika naye anasema daftari lake halijamaliza hilo. Siku ile ya sita nilimuuliza. Nilikuwa nimechoka kumngoja anichukie. Nikasema, "Perpetua, kwa nini unanifanyia hivi?"

Alikuwa anakusanya bakuli. Domina alikuwa amelala kando, lile shavu juu, malengelenge yamekwisha na pamebaki doa jeusi kama jani la maharagwe. Akalitazama. "Mi niliunguza uso ya mtoto yako," akasema. "Kila asubuhi naiona. Uji ni kitu gani?" Akapangusa sakafu pale lilipomwagika tone, akatoka.

Ningeweza kumwita. Mlango ulikuwa wazi, nilimwona anavuka ua, anapita chini ya mti bila kuugusa. Nilikuwa na mtoto kifuani, nimeshiba chakula chake, na badala ya kumwita niliona wivu tena, wivu mbaya kuliko wote, kwamba hata kosa langu alikuwa amelibeba yeye, na alilibeba vizuri kuliko ambavyo ningelibeba mimi. Mwaka ule ulipokwisha mume wangu akapata kazi ya uashi Gitega, tukahamia Musinzira kwenye chumba kimoja cha bati, na watu wakasema Jenerosa ana haraka ya mjini. Nilikuwa namkimbia mwanamke aliyenipikia uji.

Mabukwe alipokaribia kufa alimrudishia Perpetua kisu. Niliambiwa, sikuwepo. Niliambiwa pia kwamba Perpetua alikata gome na kuchuma majani mpaka uzeeni, watu wakarudi, wakajaa, lakini utomvu hakumpaka mtu tena maisha yake yote, hata chunjua ya kidole. Ukimletea mtoto mwenye choa anakwambia, "Peleka zahanati. Mkono yangu inaunguza." Miaka yote hiyo. Domina alikua, akasoma, akaolewa. Lile doa lilififia lakini halikuondoka, anavaa kitambaa akikivutia upande wa kulia, na kila Noeli Perpetua alimtumia maharagwe debe zima kwa basi. Domina alikuwa ananiambia, "Mama mdogo ana moyo, mama. Mimi nilishamsamehe." Mimi nilikuwa namwambia vizuri, mwanangu.

Tulikwenda Giteranyi kuondoa msiba, mimi, Domina na Anjelika. Kama nilivyohesabu, watu walijaa mpaka barabarani. Turubai lilifungwa kwenye tawi la umuvumu, viti vya kukodi, kreti za soda na bia ya Primus, wazee mbele, wanawake waliokuwa vijana wakati ule wamekaa nyuma na fimbo zao. Nilipewa kiti cha mbele kabisa, cha mkubwa. Nilikuwa nimevaa imvutano, vazi letu la sherehe, mpya ya zambarau, na nisidanganye, nilitazama kama wameiona. Eliasi akasimama, akashukuru watu, akasema mama yake hakuwa na mali ila neno moja la mwisho. Akatoa kitu kwenye kitambaa. Kisu kilikuwa kimelika kwa kunolewa, kimebaki chembamba kama jani la mwanzi.

"Mama alisema kisu kirudi kwa mke wa mkubwa," Eliasi akasema. "Alisema kilikuwa chake tangu zamani, na yeye alimkosea siku moja, kwa mtoto wake. Alisema tumwombee radhi. Mama mkubwa, tunakuomba radhi kwa niaba yake. Pokea."

Wakapiga makofi. Polepole, kwa heshima, makofi yetu ya mikono iliyokunjwa. Domina alinishika kiwiko aniinue, machozi yanamtoka, kitambaa kimeteleza na shavu lake liko wazi karibu na uso wangu. Anjelika alikuwa na simu juu, ananipiga picha. Hicho ndicho nilichokitaka katika maisha yangu yote: kiti hiki, ua huu, watu hawa, na kisu kinaletwa kwangu kwa mikono miwili. Sikuunyoosha mkono. Eliasi akasogea hatua moja, akadhani sioni vizuri.

"Kisu sikishiki," nikasema. "Domina nilimuunguza mimi."

Nilisema kwa sauti ya ndani, sauti ya mtu anayesali. Waliokuwa karibu waliacha kupiga makofi. Domina aliniachia kiwiko. Lakini nyuma bado walikuwa wanapiga makofi, na mwanamke mmoja kizee, mmoja wa wale waliosimama chini ya mti siku ile, akapaza sauti, "Mke wa mkubwa, sema kwa nguvu! Huku hatusikii!"

Nikasimama mwenyewe.

"Kisu sikishiki. Domina nilimuunguza mimi."